Kijumba Kitupu Chini ya Tom

Kompyuta ya kiwanda cha uchapaji haikuwa na kalamu, wala rangi, wala kile kipanya cha kusukumwa mezani ambacho watu wa benki walikuwa wameanza kujivunia mjini Kisumu. Ukitaka mstari, uliuandika. Uliiambia mashine kwa maneno: anzia hapa, teremka kiasi hiki, pinda kulia, simama. Uliandika sentensi hizo ukurasa baada ya ukurasa, ukasali kidogo, ukaiamuru isome, na kama hukusahau mabano popote, printa ililia kama mbuzi aliyekabwa shingo na kukutolea mchoro. Ukisahau bano moja, ilikutukana kwa Kiingereza. Absalom Rading' aliipenda mashine hiyo kuliko alivyowapenda watu wengi wa ukoo wake, na ungewajua watu wa ukoo wake usingemlaumu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya kanisa karibu na stesheni ya reli. Absalom alikuwa ameanzia humo ujana wake, akipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole. Mmisionari aliyeleta kompyuta alirudi kwao mwaka wa tisini na moja, akaacha disketi chache na kitabu cha maelezo kilichotolewa fotokopi hadi kurasa zikawa nyeusi. Vijana wa kiwanda waliiogopa. Absalom aliketi nayo na miwani yake iliyofungwa kwa waya mpaka akaimudu. Lugha ile ilimfaa. Ilikuwa lugha ya amri, haina maamkizi wala maneno ya pembeni, na ilitii kila ilichoandikiwa hata kama kilikuwa upuuzi mtupu.

Muda si muda shule zikawa zinamletea mitihani: pembetatu za hesabu, saketi za fizikia, moyo wa ng'ombe na mishipa yake. Watu wa afya nao walimletea karatasi ya kuwatahadharisha wananchi juu ya ukimwi, akaichorea mishale. Mwanamume kwenda kwa mwanamke, mwanamke kwenda kwa mwanamume mwingine, mama kwenda kwa mtoto. Mishale ilimtoa jasho, kwa sababu mashine ilikubali miinamo michache tu na kugomea mingine yote. Alipoipata sawa alijisifu kwa yeyote aliyeingia mlangoni, na nakala moja akaibandika ukutani mkabala na kiti chake.

Ndipo wazee wa ukoo, watu wa Seme waliotawanyika kutoka Kombewa hadi Kisian, walipomwomba awatengenezee kitabu. Walitaka kila baba na wanawe waonekane kwa mchoro, kutoka kwa babu wa kwanza hadi watoto wa juzi, maana vijana walikuwa wanaoana na jamaa zao mjini bila kujua. Hiyo ilikuwa kazi ya maana, na Absalom aliipokea kama mtu aliyekuwa akiingoja maisha yake yote.

Lugha ya ile mashine ilimruhusu mtu kubuni amri zake mwenyewe, naye alizibuni kwa Kijaluo. Akiandika nyathi, yaani mtoto, mashine ilichora kijumba cha mraba chini ya kijumba cha baba na kuvuta mstari wa kuviunganisha. Akiandika otho, yaani amekufa, iliweka msalaba mdogo pembeni. Na palikuwa na olor, yaani imefungwa. Hiyo ilichora mstari mfupi, mnene, chini ya kijumba cha mwanamume aliyekufa bila mtoto, ili mjukuu wa kesho asihangaike kutafuta kizazi kisichokuwapo. Alama hiyo waliitaka wazee wenyewe. Wasichana hawakuwa na vijumba. Usimuulize Absalom kwa nini, hakuwahi kujiuliza.

Aliwafunga wengi. Miaka hiyo kila Ijumaa barabara ya Busia ilijaa magari yaliyobeba maiti kuwarudisha kwao, na Jumatatu Absalom alikuwa na majina mapya ya kuandikia olor. Aliandika, akanywa chai, akaandika tena. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwaka wa tisini na nne zamu ikamfikia. Tom, mwanawe wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Awasi, alirudishwa nyumbani Kisian akiwa mwepesi hata mama yake, Perez, alimbeba mwenyewe kutoka garini. Watu walisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Walisema hivyo juu ya kila mtu, mpaka ungedhani nchi nzima imeamka siku moja ikavunja mwiko mmoja. Tom alizikwa upande wa kulia wa nyumba yake ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Alimwacha mke, Nabututu, binti wa watu wa Bungoma, na hawakuwa wamepata mtoto.

Absalom alirudi kazini mapema kuliko ilivyotazamiwa, kwa kuwa nyumbani hakuweza kuketi. Alifungua faili la ukoo. Aliandika otho mbele ya jina la Tom, na hilo aliliweza, kwa kuwa msalaba ni msalaba, hata Bwana aliubeba. Kisha vidole vikafika kwenye olor na kugoma. Alijaribu herufi ya kwanza, akaifuta. Alijaribu tena, akaifuta. Aliona aibu, mzee mzima kushindwa na neno la herufi nne alilolibuni mwenyewe, lakini aibu haikuvisogeza vidole. Mwishowe aliandika nyathi, akaacha mahali pa jina wazi, na kuiamuru mashine isome.

Mashine haikuona ajabu yoyote. Ilichora kijumba kitupu chini ya Tom, ikavuta na mstari.

Angekuwa mtu mwingine, karatasi hiyo angeikunja na kuitia mfukoni. Absalom aliibandika pamoja na zingine, na wazee walipokuja kwake Kisian kuukagua mchoro, aliutandaza mezani wote. Walivaa miwani, walibishana juu ya mababu, walikula kuku. Kisha Mzee Ogweno, mwenyekiti wa hicho kitabu, akaweka kidole juu ya kile kijumba na kuuliza ni cha nani.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Angesema ni kosa la mashine na kila mtu angeamini, kwani mashine ile wote waliiona kuwa ya kishetani kidogo. Lakini kidole cha Ogweno kilikuwa juu ya Tom, na Absalom alihisi kana kwamba kinamzika mara ya pili.

"Ni cha yule atakayekuja," alisema.

Wazee walitazamana. Kabla ya siku hiyo walikuwa wamekwisha kusemezana kwamba huyu mjane ni wa watu wa mbali, hana mtoto, akitaka kurudi kwao aachwe arudi. Sasa karatasi ilikuwa imesema. Mila yenyewe kila mmoja aliijua: mjane huingiliwa na ndugu wa marehemu, na mtoto atakayezaliwa si wa yule ndugu, ni wa marehemu, na jina lake huandikwa chini ya marehemu. Kwa hiyo kijumba hakikuwa uongo. Kilikuwa kinangoja. Wazee walipoona kitu kimechapwa kwa mistari iliyonyooka hivyo, waliona kama kimeamuliwa tayari na wakubwa kuliko wao, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshamtaja mtu.

Tom hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Wa karibu zaidi alikuwa Oduor, mwana wa pekee wa Dorca, na Dorca alikuwa mjane wa mdogo wake Absalom. Oduor alikuwa seremala pale Kibuye, mtu wa mzaha. Zamani alitengeneza vitanda. Siku hizi alitengeneza majeneza, na alikuwa akiwaambia wateja kwamba jeneza ni kitanda tu ambacho hakuna atakayekirudisha akilalamika kuwa kinapiga kelele. Alikuwa na mke, Aoko, na wasichana wawili wadogo. Baba yake alipokufa, Absalom ndiye aliyemsomesha. Oduor alipoitwa kuelezwa jambo hilo hakucheka, alitazama chini, kisha akasema kwamba baba akimtuma kisimani hawezi kuuliza ndoo ni ya nani.

Siku chache baadaye Nabututu alikuja kiwandani. Hakuwahi kufika pale kabla. Alivua viatu mlangoni kama anayeingia kanisani, akakataa kiti, akasimama akiwa ameupa mgongo ukuta uliokuwa na karatasi ya watu wa afya. Yeye na baba mkwe wake walizungumza kwa Kiswahili, maana Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Baba, kabla hiyo mambo iendelee," alisema, "mimi nilienda nikapimwa. Ile ugonjwa ilimaliza Tom iko kwa damu yangu. Mimi sitaki kuua mtoto wa watu."

Nabututu alieleza polepole, kama mtu aliyejifunza maneno yake njiani, kwamba yeye akikataa ataambiwa amedharau mila, na hata kwao hawatampokea vizuri. Lakini Absalom akisema hapana, wazee watasikia. Alikuwa haombi kitu kingine. Neno moja tu, kisha angepanda gari arudi Bungoma, afie kwa mama yake.

Wako watakaosema mzee hakuelewa. Alielewa. Alikuwa ameichora mishale ile kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa mbele ya macho yake juu ya bega la yule mwanamke. Hakuna mtu katika ukoo wote aliyejua vizuri kuliko yeye inakotoka na inakokwenda. Lakini mtu akitaka kitu sana hujipatia hoja, na hoja za Absalom zilikuja mbio: kwamba hospitali hukosea, kwamba si kila aliyeumwa na nyoka hufa, kwamba Mungu hawezi kumchukua Tom na mbegu yake pia. Alizipanga akilini zikamfaa.

"Madaktari wa siku hizi wanasema mengi," alimwambia. "Wewe ni mke wetu. Nenda nyumbani, mama, upumzike. Na hiyo maneno usimwambie mtu."

Nabututu alivaa viatu vyake. Tangu siku hiyo alimsalimu kwa heshima zote na hakumwomba chochote tena.

Basi ikafanywa. Oduor aliingia nyumba ya Tom kama mila inavyotaka, na mwaka uliofuata Nabututu alizaa mvulana. Walimwita Tom. Siku hiyo Absalom alifika kiwandani akiimba, aliandika jina ndani ya kile kijumba, akachapa nakala kwa karatasi nzuri iliyowekwa kwa ajili ya vyeti vya ndoa, akampelekea Perez. Perez alilia kwa furaha, akaifunga karatasi ile ndani ya kitambaa. Kwa miezi kadhaa mzee alikuwa kijana. Alimpakata mtoto, alimwonyesha ziwa, alimwambia habari za babu zake wote kwa majina. Mtu mwenye roho mbaya tu ndiye angemwonea wivu.

Mtoto hakunenepa. Alianza kuhara, akaacha, akaanza tena. Waganga walikuja, na dawa za hospitali, na maombi, na mtoto akawa mwepesi kwa namna ambayo mikono ya Perez iliikumbuka. Alikufa kabla ya kutembea. Nabututu alimfuata kabla mvua za masika hazijaisha, akiwa kimya kama alivyokuwa tangu siku ile. Hakumlaumu mtu, na hilo Absalom aliliona zito kuliko lawama. Mara nyingi alitamani angemtukana.

Perez ndiye aliyemuuliza mumewe, wakirudi kutoka kaburini, kama Tom, mkewe na mtoto walikuwa na ugonjwa mmoja wote watatu. Absalom alisema hajui. Alisema hivyo bila kusita, na hakurudi kulala chumba kimoja na mkewe, akisingizia kikohozi.

Kisha alianza kumtazama Oduor. Kila Jumamosi alipitia Kibuye akijidai anatafuta misumari, anasimama kando kumtazama mwana wa nduguye akipiga randa. Alimtazama shingo, mikono, viwiko. Oduor alimtania: Baba, mbona unanipima hivyo, unataka kunitengenezea suti? Absalom alicheka. Ilikuwa nafasi nyingine, na palikuwa na Aoko bado, na wasichana, na wakati haukuwa umekwisha wote. Alikuwa anafika na maneno mdomoni na kuondoka na misumari. Huyu ni mtu aliyeweza kuiambia mashine ianze mstari wapi na iukatie wapi, na hakuweza kumwambia kijana aliyemlea kitu kimoja. Ukimkasirikia una haki. Yeye mwenyewe alijikasirikia, lakini hasira yake ilikuwa ya kukaa, haikumsogeza popote.

Mwaka wa tisini na saba randa ilimshinda Oduor. Alilala kwa mama yake, Dorca, naye Dorca akamwosha na kumlisha uji kama alivyomfanyia utotoni. Hadi mwisho alikuwa anatania, akisema fundi mbaya ni yule anayekufa bila kujitengenezea lake. Alizikwa ndani ya jeneza la mshindani wake wa Kibuye, na kila aliyemjua alijua angecheka jinsi lilivyoungwa.

Wazee walikuwa bado wanakingoja kitabu. Absalom alifungua faili, akaandika otho kwa mtoto, otho kwa Oduor. Zaidi ya hapo hakuandika. Matawi mawili ya nyumba ya baba yake yalikuwa yameishia mahali pamoja, na mwisho wa lile la pili haukuwa kazi ya Mungu. Aliketi mbele ya kioo siku nzima na kwenda nyumbani, akaketi tena kesho yake.

Dorca alimkuta hapo, asubuhi moja baada ya Krismasi. Alikuwa mwanamke mkubwa zamani, na sasa gauni lilimning'inia. Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa, akavuta pumzi, akauliza habari za kifua chake na habari za Perez. Kisha akamwomba amwonyeshe Oduor kwenye karatasi.

Absalom alimwonyesha. Dorca hakujua kusoma vizuri, lakini alikifuata kijumba kwa kidole, akafuata mstari, akafika chini yake pasipo na kitu.

"Yuora," alimwambia, na hivyo ndivyo mwanamke anavyomwita ndugu wa mumewe, "Tom mlimwekea nafasi. Mwekee na wangu."

Alisema kwamba Aoko bado kijana, mwenye afya, na mtoto wa kiume bado anaweza kupatikana. Alisema haombi kikubwa. Nyumba ya Tom ilipewa tumaini kwa miaka hiyo yote, na aliyelitoa tumaini hilo ni mwanawe Oduor, kwa nguvu zake mwenyewe. Sasa haki gani itakayomfunga Oduor kwa mstari mnene siku ya kwanza?

Absalom aliweka mikono juu ya kibodi kisha akaiondoa. Kama angekataa, angekuwa anamwambia uso kwa uso kwamba mtoto wake alistahili na mtoto wa mwenzake hastahili. Kama angekubali, kijana mwingine angetafutwa, mwenye mke naye, mwenye watoto naye. Palibaki njia moja, ile aliyoikwepa tangu Nabututu alipovua viatu mlangoni, na ilikuwa imekuwa ndefu kwa kila siku aliyoikwepa.

"Siwezi kuandika," alisema. "Aoko asiingiliwe na mtu. Ilikuwa ile ugonjwa, Dorca. Ya Tom, ya Nabututu, ya mtoto, ya Oduor. Ni moja."

Dorca alisema hayo watu wanayanong'ona, lakini nani ana hakika.

"Mimi. Nabututu alikuja akaniambia. Alisimama hapo."

"Lini?"

"Kabla."

"Kabla ya mtoto?"

"Kabla Oduor hajaingia kwake. Alitaka nimwache aende. Mimi nikamnyamazisha."

Nje, gari moshi la mizigo lilipiga honi, na vioo vya dirisha vikatetemeka mpaka likapita. Absalom alingoja Dorca apige mayowe, angoe nywele, amwite muuaji mbele ya vijana wa kiwanda ambao sasa walikuwa wameacha kazi na kusikiliza. Alitaka hivyo. Lakini Dorca alikuwa anaitazama tu ile karatasi, kidole kikiwa bado pale chini ya mwanawe.

"Kuna kijana wetu wa Kombewa, ameshaingia kwa Aoko," alisema. "Ni tangu wiki jana. Mimi ndiye nilimwita. Niliona vile wewe ulifanyia Tom, nikafikiri hivyo ndivyo mzazi hufanya."